Aliyechelewa Kukata Rufaa ya Kodi: Asikilizwe au Afungiwe Mlango?

Sheria za kodi zina maneno mengi, na mengi katika hayo mwananchi wa kawaida aweza kuishi miaka yake yote bila kuyajua. Lakini liko fungu moja ambalo kila mwenye duka, karakana au nyumba ya kupangisha hana budi kulijua, nalo ni lile linalomweleza amepewa siku ngapi za kulalamika. Mtu aweza kuwa na haki tupu mkononi, na daftari zake za hesabu zikawa safi, na hata hivyo akashindwa bila mtu yeyote kuzifungua daftari hizo, kwa sababu tu barua yake ilifika siku ya 31. Swali tunalotaka kulitazama leo ni hili: je, aliyechelewa kukata rufaa ya kodi aweza kupewa udhuru? Na ikiwa sheria yenyewe imeweka ukomo wa mwisho, je, udhuru huo waweza kuuvuka ukomo?

Kwa mkazi wa Busanza swali hili si la darasani. Busanza ni kata ya tarafa ya Kanombe, wilayani Kicukiro, upande wa uwanja wa ndege wa Kigali. Huko ndiko zilikojengwa nyumba za kuwahamishia wananchi waliokuwa wakiishi Kangondo na Kibiraro, huko Nyarutarama, wilayani Gasabo. Mabishano juu ya fidia yalifika mahakamani, na uhamisho wenyewe ukafikia mwisho mwaka 2022. Hatukusudii kuyarudia mabishano hayo hapa. Tunalotaka kulikumbusha ni jambo dogo tu: watu wanapohama, biashara zao huhama pamoja nao. Aliyekuwa na kibanda cha vyakula hufungua kingine kule aendako, na fundi cherehani hubeba cherehani yake. Lakini daftari la kodi halihami lenyewe. Anuani iliyoandikwa humo yaweza kuwa bado ni ya nyumba ambayo haipo tena, na anuani ya barua pepe ikawa ya mhasibu wa msimu ambaye mwenye duka aliachana naye zamani.

Tumfikirie mama mmoja mwenye duka la vyakula, ambaye kwa mwaka mzima huuza bidhaa za faranga milioni 15. Katika utaratibu wa kodi ya mapato wa Rwanda, biashara ndogo yenye mauzo kati ya milioni 12 na milioni 20 yaweza kulipa asilimia 3 ya mauzo yake, nayo kwa mama huyu ni faranga 450,000. Sasa afisa wa kodi akadirie, kwa kutazama fedha zilizopita katika simu yake, kwamba mauzo yalikuwa milioni 24. Labda milioni 9 kati ya hizo zilikuwa michango ya kikundi cha akina mama, ambayo yeye aliitunza tu kama mweka hazina. Lakini kwenye karatasi amekwisha kuuvuka mpaka wa milioni 20, ambao ndio mpaka wa kuandikishwa kwa kodi ya ongezeko la thamani. Asilimia 18 ya milioni 24 ni faranga 4,320,000. Hizo ni kabla ya kuondoa kodi aliyoilipa aliponunua mali, ambayo huenda hana stakabadhi za kuithibitisha, na kabla ya faini na riba. Deni limepanda karibu mara kumi. Kosa ni la kueleweka, na lingeweza kusahihishwa kwa mazungumzo ya nusu saa juu ya meza moja. Lakini meza hiyo ina siku zake.

Sheria Namba 026/2019 ya tarehe 18 Septemba 2019, juu ya taratibu za kodi nchini Rwanda, ilimpa mlipakodi siku 30 tangu kupokea hati ya makadirio ili amwandikie Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato. Kamishna Mkuu naye alipewa siku 30 za kuamua, na ruhusa ya kujiongezea siku nyingine 30 mara moja tu. Akinyamaza mpaka muda huo ukaisha, rufaa ilihesabiwa kuwa ina msingi. Asiyeridhika na uamuzi wake alipewa siku 30 nyingine za kwenda mahakamani, na mashauri ya namna hii husikilizwa na mahakama za biashara. Sheria Namba 020/2023 ya tarehe 31 Machi 2023 ilishika nafasi ya ile ya mwaka 2019.

Twapenda kukisifu kile kipengele cha kunyamaza. Mara nyingi dola huwafunga raia kwa tarehe na yenyewe ikabaki huru, lakini hapa dola ilijifunga kamba ile ile. Afisa mkuu wa kodi akichelewa, anashindwa. Hakuulizwa kama alikuwa safarini, wala kama faili lilipotea kati ya ofisi mbili. Kenya nayo ina kanuni ya jinsi hiyo: chini ya Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015, Kamishna asipolijibu pingamizi ndani ya siku 60, pingamizi huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Kwa hiyo mtu asije akadhani kwamba sisi tunaupinga muda wa kisheria. Muda ni ngao ya mnyonge vilevile. Tatizo huanza pale ukali unapokuwa sawa kwa watu wawili wasiolingana: upande mmoja taasisi yenye wanasheria, kompyuta na madaftari ya tarehe, na upande wa pili mtu mmoja anayefungua duka alfajiri na kulifunga usiku, ambaye hata hana hakika kama barua aliyoletewa ni ya kumdai au ni ya kumtangazia semina.

Majirani zetu wameliandikia jambo hili vifungu ambavyo vyafaa kusomwa kwa makini, na cha Uganda ndicho chenye fundisho kubwa kuliko vyote.

Huko Uganda, Sheria ya Baraza la Rufaa za Kodi ya mwaka 1997 inamtaka mlalamikaji apeleke ombi lake ndani ya siku 30 tangu alipokabidhiwa taarifa ya uamuzi. Baraza lina uwezo wa kumwongezea muda, na kanuni zake zinazitaja sababu zinazokubalika: kutokuwapo nchini, maradhi, au sababu nyingine ya maana. Hadi hapo mlango u wazi. Lakini sheria hiyo hiyo inaongeza sentensi moja fupi: ombi la kutaka uamuzi wa kodi uangaliwe upya sharti lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu tarehe ya uamuzi wa kodi.

Msomaji na azitazame vizuri hesabu hizo mbili. Siku 30 zinahesabiwa tangu mtu alipokabidhiwa taarifa. Miezi 6 inahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi wenyewe, awe ameambiwa au hakuambiwa. Tuseme uamuzi umetiwa sahihi tarehe 10 Januari, na taarifa ikamfikia mhusika tarehe 20 Julai. Kwa saa ya kwanza, mtu huyu ana siku 30 kamili mbele yake, na hajachelewa hata dakika moja. Kwa saa ya pili, mlango ulifungwa tarehe 10 Julai, siku 10 kabla hajajua kwamba upo mlango. Saa hizi mbili zimo katika sheria moja, na zimetungwa na Bunge moja.

Wako wanaosema kwamba hapo hakimu aifuate huruma, auvuke ukomo wa miezi 6 na kumsikiliza mtu. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Hakimu akijipa ruhusa ya kuongeza mwezi wa saba pale Bunge lilipoandika sita, kesho mwenzake atajipa ruhusa ya kupunguza, na mlipakodi wa kwanza kuumia atakuwa yule yule mdogo asiye na wakili wa kupambana na upunguzaji huo. Mahakama ya Rufaa ya Uganda ililisema hilo waziwazi katika Rufaa ya Madai Namba 31 ya mwaka 2000, kati ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda na kampuni ya Uganda Consolidated Properties: kwamba muda uliowekwa na sheria ni sehemu ya sheria yenyewe, si urembo wa taratibu, na sharti ufuatwe barabara. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi mbele ya mabaraza dhidi ya walipakodi waliochelewa. Wanaoyarudia wakati mwingine husahau kwamba katika shauri lile mkata rufaa alikuwa ni Mamlaka ya Mapato yenyewe. Wahenga walisema sheria ni msumeno, na msumeno huo ulianza kukata upande wa dola.

Lakini kukataa kuuvunja ukomo si sawa na kukubali kwamba ukomo uanze kuhesabiwa popote. Hapa ndipo tunapoweka mkazo wetu. Uamuzi uliofungiwa kabatini, ambao mdaiwa hajaambiwa, bado si uamuzi kwake yeye. Hakimu anayeuliza ni lini uamuzi ulimfikia mtu havunji ukomo wowote; anatafuta tu mahali pa kuanzia kuhesabu. Na pale ambapo maneno ya sheria yamebana kiasi kwamba hata swali hilo haliwezi kuulizwa, dawa iko kwa Bunge: neno moja libadilishwe, tarehe ya uamuzi iwe tarehe ya kukabidhiwa. Ukomo wa miezi 6 utabaki pale pale, na hazina ya taifa haitapoteza kitu ambacho ilistahili kukipata kwa haki.

Tukivuka mpaka kuingia Tanzania, tunakuta njia nyingine. Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, inairuhusu Bodi ya Rufani za Kodi, na Baraza lililo juu yake, kumwongezea muda mtu aliyezuiwa na kutokuwapo katika Jamhuri ya Muungano, ugonjwa, au sababu nyingine ya maana. Ukomo wa miezi kama wa Uganda haukuwekwa hapo. Je, mlango umeachwa wazi kabisa? Hasha. Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo, katika Ombi la Madai Namba 2 la mwaka 2010, lililofunguliwa na kampuni ya ujenzi ya Lyamuya, iliweka vipimo ambavyo vimekuwa vikitumika hata katika mabishano ya kodi. Mwombaji na aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji; ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi; aonyeshe bidii, wala si uzembe na ulegevu katika jambo analolitafuta; na Mahakama yaweza pia kutazama sababu nyingine zenye uzito, kama vile uharamu wa uamuzi unaopingwa. Mahakama hiyo imekwisha kusema pia kwamba hata siku moja ya kuchelewa sharti itolewe maelezo.

Kipimo hicho cha siku moja moja kinaonekana kikali, na kwa hakika ni kikali. Hata hivyo kina uadilifu wake, kwa kuwa kinamwambia mtu mapema atakachoulizwa. Mama wa duka aliyelazwa hospitali siku 12 ataonyesha cheti cha siku 12. Aliyekwenda kuzika kwao ataonyesha siku za safari na za matanga. Kisha atasema siku tatu zilizobaki alikuwa akitafuta mtu wa kumwandikia. Katika hesabu kama hiyo hakuna haja ya kumjua mkubwa yeyote. Twaona ni afadhali mara mia kuliko utaratibu wa mtu kuingia ofisini na kulia, ambapo analia mbele ya afisa mwenye moyo mwepesi akasamehewa, na mwenzake akalia mbele ya mwenye moyo mzito akarudishwa.

Kuhusu ule uharamu wa uamuzi, historia yake inachekesha kidogo. Kanuni kwamba uamuzi unaodaiwa kuwa haramu ni sababu ya kutosha ya kuongeza muda ilitiwa nguvu huko Tanzania mwaka 1992, katika shauri ambalo mwombaji aliyechelewa alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Mahakama ya Rufani iliona kwamba jambo la uharamu ni zito mno kupitwa kwa sababu ya tarehe. Basi yule anayeudhiwa na walipakodi kwa kutumia kanuni hiyo na akumbuke kwamba waliyoipata kwanza faida yake ni watu wa Serikali. Kama dola yenye mawakili wake iliweza kuchelewa na ikasikilizwa, ni vigumu kumwambia mwenye kibanda kwamba kuchelewa kwake yeye ni dharau.

Kenya nayo, kwa Sheria ya Baraza la Rufaa za Ushuru ya mwaka 2013, imeandika sababu zile zile tatu, na muda wa siku 30 waweza kuongezwa kwa ombi la maandishi. Kwa upande huo Kenya na Tanzania zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, na si ajabu, maana vifungu vyao vimetoka katika shina moja la sheria ya Kiingereza.

Rwanda imetoka katika shina jingine. Sheria zake zilirithi mengi kutoka Ubelgiji, ingawa tangu mageuzi ya mwanzoni mwa karne hii zimechanganyika na mila ya Kiingereza. Katika mila ya Kibelgiji, udhuru mkuu wa mtu aliyepitwa na muda huitwa nguvu isiyozuilika: tukio ambalo hakulitazamia, hakuweza kulizuia, na halikutokana na kosa lake mwenyewe. Hilo ni tundu jembamba kuliko ile sababu ya maana ya majirani. Mafuriko yaliyobeba daraja yatapita katika tundu hilo. Ajali iliyomweka mtu kitandani bila fahamu itapita. Lakini je, barua iliyokwenda kwa mhasibu wa zamani itapita? Mwenye kushikilia neno kwa neno atasema haipiti, kwa kuwa mwenye duka angeweza kuibadilisha anuani yake, na hakuibadilisha. Mwenye kushikilia sababu ya maana ataanza kuuliza: alihama lini, alihamishwa na nani, alimweleza nani, na je, Mamlaka ilikuwa na namba yake ya simu ambayo kila mwezi humpelekea ujumbe wa kumkumbusha kulipa? Swali hili la mwisho lina uzito mkubwa. Anayepatikana kwa ajili ya kulipa hawezi kuwa hapatikani kwa ajili ya kuarifiwa.

Ulimwengu mpana nao haujatulia katika jambo hili. Nchini Marekani, tarehe 21 Aprili 2022, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua shauri la Boechler, kampuni ya mawakili ya North Dakota, iliyopeleka ombi lake katika Mahakama ya Kodi ikiwa imechelewa kwa siku moja tu baada ya siku 30. Wakusanya kodi walisema siku hiyo moja inaiondolea mahakama mamlaka yote ya kusikiliza. Majaji wote kwa kauli moja walikataa. Walisema kwamba muda ule haukuandikwa kwa maneno yanayoifunga mahakama, na kwa hiyo waweza kusimamishwa kwa sababu za haki, kila shauri na mambo yake. Tusisahau kwamba wadaiwa wale walikuwa mawakili. Ikiwa mawakili huchelewa kwa siku moja, muuza mkaa atafanyaje? Uingereza nayo, mwaka 2018, Baraza la Juu lililo na kazi ya kusikiliza rufaa za kodi liliweka hatua tatu kwa mabaraza ya chini: kwanza pima ucheleweshaji ni mrefu kiasi gani, kisha uliza sababu yake, kisha pima mambo yote kwa pamoja, pamoja na hasara itakayompata kila upande. Lakini baraza hilo lilikumbusha pia kwamba muda wa kisheria ni wa kuheshimiwa, na kwamba kumruhusu mtu nje ya muda ni jambo la pekee, si la kawaida.

Sasa na tuwasikilize wanaopinga, maana hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kodi isiyojulikana mwisho wake haiwezi kuingizwa katika bajeti. Barabara, zahanati na mishahara ya walimu haviwezi kusubiri mtu akumbuke kulalamika baada ya miaka mitatu. Wanasema vilevile kwamba wako matajiri ambao ucheleweshaji kwao ni biashara: hupokea hati ya makadirio, huiweka mtoto wa meza, husubiri mpaka afisa aliyekagua hesabu zao amehamishwa na kumbukumbu zimepotea, ndipo hujitokeza na ombi la kuongezewa muda lililoandikwa na wakili wa gharama. Hayo ni kweli, na watu wa namna hiyo wasipewe hata saa moja. Wanasema tena kwamba kumsamehe aliyechelewa ni kumwonea jirani yake aliyefunga duka siku nzima ili awahi. Hili nalo ni kweli kwa kiasi, ingawa jirani huyo hapungukiwi na kitu mwenzake anaposikilizwa. Angepungukiwa kama mwenzake angesamehewa kodi, na kusikilizwa si kusamehewa kodi. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili, hata watumishi wa umma. Anayeongezewa muda hajashinda lolote. Amepewa kiti tu, na bado aweza kushindwa akiwa amekikalia.

Kwa kulinganisha pande zote hizo, msimamo wetu ni huu. Udhuru uwepo, na uandikwe katika sheria kwa maneno ambayo mtu wa Busanza aweza kuyasoma, wala usiachwe kuwa siri ya wanasheria au hisani ya afisa. Sababu ya maana itajwe pamoja na maradhi na safari, na iwe ni sababu ya kupimwa kwa tarehe na ushahidi. Ukomo wa mwisho uwepo pia, iwe miezi 6 au mwaka, ili hazina ijue deni limekwisha. Lakini ukomo huo uhesabiwe tangu siku mtu alipoarifiwa kweli kweli, na baada ya hapo hakimu asiuvuke. Tena mzigo wa kuthibitisha kwamba taarifa ilifika ubebwe na aliyeituma. Mlipakodi hawezi kuthibitisha kwamba hakupokea kitu. Jambo ambalo halikutokea halina cheti.

Zamani taarifa ilipelekwa kwa mkono, na mpokeaji alitia sahihi au dole gumba katika kitabu cha tarishi. Ubishi ukizuka, kitabu kilifunguliwa. Siku hizi barua nyingi hupelekwa kwa njia ya kompyuta, na wengi hudhani kwamba kwa sababu hiyo ushahidi umekuwa mgumu. Sisi twaona kinyume. Tangu mwaka 2013, zilipoanza mashine za kielektroniki za stakabadhi nchini Rwanda, Mamlaka ya Mapato imekuwa ikiweza kupata habari za mauzo yaliyofanyika dukani muda mfupi baada ya stakabadhi kutoka. Chombo kinachoweza kujua kwamba Busanza kumeuzwa kilo mbili za sukari asubuhi hakiwezi kusema kimeshindwa kujua kama hati ya kudai faranga milioni 4 ilifunguliwa na mwenyewe au haikufunguliwa. Ujumbe wa simu upelekwe, na ukikosa jibu, mtu apelekwe. Gharama ya pikipiki kutoka ofisi ya wilaya hadi dukani ni ndogo kuliko gharama ya shauri moja mahakamani.

Liko pia suala la lugha, ambalo huguswa mara chache. Gazeti rasmi la Serikali ya Rwanda huchapa sheria kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi kwa sheria ya mwaka 2017, na wako wafanyabiashara wengi, hasa waliokulia Tanzania, Uganda au mashariki ya Kongo, ambao Kiswahili ndicho wanachokisoma bila kigugumizi. Hatusemi kutojua lugha kuwe udhuru wa kuchelewa. Hilo lingefungua mlango ambao haungefungika tena. Tunasema tu kwamba karatasi moja, yenye mistari kumi, iliyobandikwa ofisini mwa kata na kueleza siku 30 zaanza lini na zaisha lini, ingepunguza idadi ya waliochelewa kuliko hukumu kumi za mahakama.

Wakati mambo hayo yakingojewa, yuko mtu ambaye leo hii anayo hati ya makadirio mkononi na siku zake 30 zimekwisha. Huyo asikae nyumbani akisubiri mdogo wake atoke mjini kumsaidia. Na aandike siku hiyo hiyo. Barua yake isianze na umaskini wake wala idadi ya watoto wake. Ianze na siku aliyoipata hati, na aliipata kwa njia gani, na nani alikuwapo. Kisha zifuate siku zote tangu hapo, kila moja na kilichotendeka, pamoja na cheti cha hospitali, tiketi ya basi, au barua ya mtendaji wa kata inayoeleza alihamia lini. Baada ya hapo ndipo aeleze kosa lililomo katika makadirio yenyewe, kwa tarakimu: mauzo ni milioni 15, zile milioni 9 ni za kikundi, na hili hapa daftari la kikundi. Nakala abaki nayo, na ile ya ofisi igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana tangu siku ya mhuri huo saa inayohesabu si yake peke yake tena, ni ya Kamishna Mkuu pia.